Mgonjwa Anapouliza Kama Atakufa: Utetezi wa Tiba ya Kidhanaishi

Saa nane usiku, katika wodi ya wanawake, mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi iliyokwisha kusambaa anamwita muuguzi wa zamu. Dripu inashuka vizuri, maumivu yametulia tangu alipopewa mofini ya maji jioni, na shinikizo la damu si baya. Muuguzi anamuuliza kama anataka maji. Mama anatikisa kichwa, kisha anauliza kwa sauti ya chini: “Sista, hivi mimi ninakufa?” Muuguzi, kijana mwenye huruma na mwenye wagonjwa wengine zaidi ya ishirini wa kuwaangalia, anajibu upesi: “Hapana, mama yangu, usiseme hivyo. Utapona kwa uwezo wa Mungu. Hebu lala.” Anamfunika shuka vizuri, anazima taa, anaondoka. Katika faili anaandika kwamba mgonjwa amelala bila tatizo.

Tukio hilo limetungwa kwa ajili ya makala haya, lakini ni vigumu kumpata mtu aliyewahi kukesha wodini ambaye hajaliona kwa macho yake. Hakuna kosa la kitabibu lililotendeka. Muuguzi hakukosea dozi, hakuchelewa, wala hakumtolea mgonjwa maneno makali. Hata hivyo mama yule ameachwa peke yake na jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kukabiliana nayo, na amefundishwa kwamba katika jengo lile jambo hilo halizungumzwi. Kesho hatauliza tena. Huenda daktari wa asubuhi akamkuta amegeukia ukutani na hataki uji, akaandika kwamba ana sonona na kumwanzishia dawa. Inawezekana kweli ana sonona, na dawa itamfaa. Inawezekana pia alikuwa mtu mwenye akili timamu aliyeuliza swali la haki akakosa wa kukaa naye.

Swali la aina ile ni sehemu ya kazi ya kitabibu, kama zilivyo homa na kichefuchefu. Ipo tiba ya mazungumzo ambayo imekaa na maswali hayo kwa takribani karne moja bila kuyakimbia. Tiba hiyo ni tiba ya kisaikolojia ya kidhanaishi, na ni jambo la kusikitisha kwamba haitajwi sana pale ambapo ingefaa zaidi, yaani kando ya kitanda cha mgonjwa.

Neno udhanaishi si geni kwa msomaji wa Kiswahili, ila wengi walikutana nalo darasani katika somo la fasihi. Walilisikia kupitia uhakiki wa riwaya za Euphrase Kezilahabi, hasa Kichwamaji ya mwaka 1974, ambayo mhusika wake mkuu, Kazimoto, anayachambua maisha mpaka hayabaki na kitu, na mwishowe anajiua. Kwa sababu hiyo udhanaishi umebaki katika kumbukumbu za watu kama falsafa ya kukata tamaa, na muuguzi anayeambiwa kwamba falsafa hiyo imegeuzwa kuwa tiba ana kila sababu ya kushtuka. Nani ampelekee mgonjwa wa saratani mawazo ya Kazimoto? Shaka hiyo ni ya haki, na itarudiwa baadaye. Kwa sasa itoshe kusema kwamba tiba hii inaanzia pale pale Kazimoto alipokwama, na kwamba baadhi ya walioijenga walikuwa wagonjwa kabla ya kuwa waganga.

Karl Jaspers, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1883, aligunduliwa akiwa kijana wa miaka 18 kuwa na ugonjwa sugu wa mapafu ambao, kwa maarifa ya siku zile, haukumwachia matumaini ya kuishi maisha marefu. Akajifunza kuishi kwa ratiba ya ugonjwa: kupumzika, kutoa makohozi, kuandika kidogo, kupumzika tena. Akawa daktari wa magonjwa ya akili huko Heidelberg, na mwaka 1913 akachapisha kitabu cha saikopatholojia ambacho madaktari wa fani hiyo wangali wanakirejea. Kisha akahamia falsafa. Mwaka 1919 alieleza kile alichokiita hali za mpakani, miongoni mwake kifo, mateso, mapambano na hatia. Hali hizo hazibadilishwi wala hazizungukwi; mtu husimama tu mbele yake, na namna anavyosimama ndiyo inayomwonyesha yeye ni nani. Jaspers alifariki mwaka 1969 akiwa na miaka 86.

Mwingine ni Rollo May, Mmarekani, aliyeugua kifua kikuu mwanzoni mwa miaka ya 1940, kabla streptomycin haijaanza kutumika. Alilazwa muda mrefu katika sanatoria ya Saranac Lake, jimbo la New York, mahali ambapo hapakuwa na tiba nyingine ya maana isipokuwa kulala, kula na kungoja. Kitandani alisoma maandishi ya Freud kuhusu wasiwasi, na pia ya Søren Kierkegaard, mwanafalsafa wa Denmark wa karne ya 19. Alihitimisha kwamba Freud ameeleza kwa ustadi jinsi wasiwasi unavyofanya kazi, lakini Kierkegaard ndiye aliyeeleza kile ambacho yeye na wagonjwa wenzake walikuwa wakikipitia. Tofauti hiyo ndogo, kati ya kuujua wasiwasi na kumjua mwenye wasiwasi, ndiyo mbegu ya tiba nzima. Mwaka 1958 May na wenzake wawili, Ernest Angel na Henri Ellenberger, walihariri kitabu kilichowafikishia wasomaji wa Marekani maandishi ya madaktari wa Ulaya waliokuwa wakifuata njia hiyo.

Aliyeyapanga mawazo haya kwa lugha ambayo daktari wa kawaida anaweza kuitumia ni Irvin Yalom, daktari wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Stanford, katika kitabu kinene alichokitoa mwaka 1980. Freud alikuwa amefundisha kwamba mgogoro wa ndani ya mtu hutokana na matamanio yaliyokandamizwa. Yalom hakulikana hilo, ila alisema upo mgogoro mwingine, unaotokana na mtu kugongana na mambo manne yasiyomwepuka yeyote aliyezaliwa: kifo, uhuru, upweke, na ukosefu wa maana. Watu hujikinga na mambo hayo kwa njia mbalimbali, na baadhi ya kinga hizo ndizo zinazofika kliniki zikiwa na sura ya ugonjwa.

Kinga dhidi ya kifo zinajulikana na kila mhudumu hata kama hajawahi kuzipa jina. Yupo mwanamume mwenye kisukari ambaye vidole vya mguu vimekwisha kuwa vyeusi, lakini bado anaamini kwamba habari ya kukatwa mguu ni ya watu wengine. Yupo mgonjwa aliyemfanya daktari wake kuwa mwokozi, kiasi kwamba kipimo kikija kibaya anahisi amesalitiwa na mtu, si na mwili. Yalom alizieleza kinga hizo mbili: imani ya mtu kwamba yeye si kama wengine, na imani kwamba yupo atakayemwokoa dakika ya mwisho. Katika miaka ya 1970 alianzisha vikundi vya mazungumzo vya wanawake wenye saratani ya matiti iliyosambaa. Humo aliona jambo ambalo hakulitarajia. Baadhi ya wanawake, baada ya kuacha kukwepa neno kifo, hawakuzama. Walipunguza mambo ya upuuzi, wakasema ukweli kwa waume zao, wakakataa mialiko waliyokuwa wakiikubali kwa woga. Walisikitika tu kwamba walilazimika kungoja saratani ndipo wajifunze hayo.

Kuhusu uhuru inabidi kuwa mwangalifu. Katika masikio ya Mtanzania neno hili lina bendera, gwaride na Desemba 1961. Uhuru wanaouzungumzia wadhanaishi hauna ngoma. Ni ule mzigo wa kutambua kwamba mtu, ndani ya mipaka aliyopewa, ndiye anayeendelea kuyaandika maisha yake, na kwamba hata kutoamua ni kuamua. Kiswahili kina njia nzuri sana ya kuukwepa mzigo huo. Mgonjwa aliyeacha dawa za kufubaza virusi husema, “Nilijikuta nimeacha,” au “Dawa zilinishinda.” Sentensi kama hizo zinamtoa msemaji nje ya tendo lake mwenyewe, dawa ndizo zilizotenda, yeye alikuta tu. Tabibu wa kidhanaishi hamkaripii mgonjwa wa namna hiyo, maana karipio humpa sababu nyingine ya kukwepa. Humuuliza taratibu: siku ile ya kwanza ambayo hakumeza, alikuwa wapi, nani alikuwepo, alikuwa akiwaza nini? Mara nyingi jibu huwa kwamba kidonge kila jioni kilimkumbusha jambo asilotaka kulikumbuka. Hapo uhuru na kifo vinakutana, na sasa kuna jambo la kuzungumza. Kumpa kijitabu kingine cha umuhimu wa dawa kusingefika huko.

Upweke nao una sura mbili. Ule wa kukosa watu hutibiwa kwa watu, na kwa hilo jamii za pwani na bara za Afrika Mashariki hazihitaji mwalimu kutoka ng'ambo. Saa za kutembelea wagonjwa zikifika, kitanda kimoja huzungukwa na ndugu kumi na wawili. Upweke wa pili, ambao Kiswahili kingeweza kuuita ukiwa, ni ule wa kujua kwamba hakuna anayeweza kufa kwa niaba ya mwingine. Nao huongezeka, si kupungua, pale ndugu wote kumi na wawili wanapojua majibu ya kipimo na mgonjwa peke yake ndiye hajaambiwa. “Daktari, tafadhali mama asijue,” kijana mkubwa wa familia humwambia daktari kwenye korido, kwa mapenzi ya kweli. Mama kitandani naye amekwisha kujua, kwa sababu mwili ni wake, na ananyamaza ili asiwaumize watoto. Familia nzima inakaa kitanda kimoja, kila mmoja akimlinda mwenzake kwa uongo, na hakuna aliye pamoja na mwingine.

Ukosefu wa maana ndiyo sehemu inayojulikana zaidi, kwa sababu ya Viktor Frankl, daktari wa Vienna aliyezaliwa mwaka 1905. Kabla ya vita alikuwa amekwisha kupanga vituo vya ushauri kwa vijana waliokuwa katika hatari ya kujiua. Mwaka 1942 alichukuliwa pamoja na familia yake kupelekwa Theresienstadt, kisha Auschwitz na kambi nyingine, hadi alipokombolewa Aprili 1945. Mke wake na wazazi wake walikufa. Kitabu alichokiandika mara tu baada ya kutoka kimesomwa duniani kote. Ndani yake anasimulia kuhusu daktari mzee aliyemjia akiwa hajapona msiba wa mke wake aliyefariki miaka miwili nyuma. Frankl hakumpa pole wala dawa. Alimuuliza ingekuwaje kama yeye angetangulia kufa na mke akabaki. Mzee akajibu kwamba mke wake angeteseka sana. Basi, Frankl akamwonyesha, mateso hayo mke ameepushwa nayo, na bei yake ni kwamba mume ndiye anayebaki kuomboleza. Mzee alimpa mkono akaondoka kimya.

Kisa hicho ni kizuri, na uzuri wake ni hatari. Kinamfanya msomaji adhani kwamba kazi ya tabibu ni kugawa maana kama vile vidonge, na wako wahudumu, pamoja na viongozi wa dini, wanaomwambia mama aliyezika mtoto kwamba msiba wake una kusudi. Huo ni ukatili, hata ukisemwa kwa upole. Frankl hakumwambia mzee yule maana ya mateso yake kabla ya kumsikiliza. Alimuuliza swali, na uzito wa jibu ulitoka kwa mzee mwenyewe. Frankl alisisitiza pia jambo ambalo wanaomnukuu hulisahau: mateso yanayoweza kuondolewa lazima yaondolewe kwanza, na kuyavumilia bila sababu si ushujaa. Kwa lugha ya wodi, mofini kwanza. Hakuna mazungumzo ya maana ya maisha na mtu ambaye mifupa yake inamuuma na chupa ya dawa imeisha tangu Ijumaa. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's huko London mwaka 1967 na ambaye tiba shufaa ya leo imejengwa juu ya kazi yake, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa mahututi ni ya mwili, ya akili, ya kijamii na ya kiroho kwa pamoja. Hakuwahi kufundisha kwamba moja linaweza kutibiwa badala ya jingine.

Basi lengo la tiba hii ni nini, ikiwa si kuondoa huzuni wala kugawa maana? May alitofautisha wasiwasi wa kawaida na wasiwasi wa ugonjwa. Wa kwanza unalingana na tishio lililopo, haulazimishi mtu kujificha, na unaweza kumsukuma atende jambo. Wa pili umezidi kipimo, unamfunga, na mara nyingi umezaliwa na ule wa kwanza uliokataliwa. Waswahili walirithi neno wasiwasi kutoka Kiarabu, ambako linabeba sauti ya mnong'ono, hasa mnong'ono wa Shetani, na huenda ndiyo sababu mtu akisema ana wasiwasi, watu wa karibu hukimbilia kumwambia aufukuze. Tabibu wa kidhanaishi hutaka kwanza mnong'ono huo usikilizwe. Haahidi kwamba mgonjwa atatoka bila hofu ya kufa. Anachokusudia ni kwamba mgonjwa aishi muda alio nao kama mtu, akiamua yaliyo katika uwezo wake, badala ya kuutumia wote katika kulinda ukuta.

Njia yake haina mazoezi maalumu ya kukariri. Tabibu huweka kando maelezo aliyonayo tayari na kumwomba mgonjwa amwonyeshe dunia inavyoonekana kutoka pale alipo. Kwa mtu anayesafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, kwa mfano, wiki haina siku saba. Ina siku za mashine na siku za kuchoka, na mwaliko wa harusi wa Jumamosi ni hesabu ngumu. Asiyejua hilo atamshauri mambo yasiyo na pa kusimama.

Je, inafanya kazi? Hapa ukweli ni bora kuliko shauku. Mwaka 1989 David Spiegel, aliyefanya kazi na Yalom, alichapisha pamoja na wenzake katika jarida la Lancet matokeo ya wanawake 86 wenye saratani ya matiti iliyosambaa. Waliohudhuria vikundi waliishi kwa wastani wa miezi 36.6, na wasiohudhuria miezi 18.9. Habari hiyo ilizunguka dunia. Mwaka 2001 timu ya Kanada ikiongozwa na Pamela Goodwin ilirudia jaribio kwa wanawake 235 na haikuona tofauti yoyote ya urefu wa maisha. Mwaka 2007 jaribio la Spiegel mwenyewe halikuweza kuonyesha tena faida hiyo kwa wagonjwa wote. Anayemwambia mgonjwa kwamba mazungumzo yatamwongezea miaka anauza kitu ambacho hanacho. Lakini katika jaribio lile la Kanada wanawake waliokuwa kwenye vikundi walipungukiwa dhiki ya moyo na kuhisi maumivu kwa kiasi kidogo zaidi, hasa wale waliokuwa na dhiki kubwa tangu mwanzo. Baadaye William Breitbart na wenzake, katika hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering huko New York, walitunga tiba fupi inayotokana na mawazo ya Frankl, ya vikao vinane kwa kikundi au saba kwa mtu mmoja. Jaribio la mwaka 2015 lililowahusisha wagonjwa 253 wenye saratani iliyoendelea lilionyesha kwamba tiba hiyo ilipunguza kukata tamaa na kuinua hali ya maisha kuliko kikundi cha kawaida cha kufarijiana. Aina nyingine za tiba ya kidhanaishi, zile zisizo na mpangilio wa vikao, ushahidi wake ni mchache zaidi, na wanaozipenda wangefanya vizuri kukiri hivyo.

Doa jingine linastahili kutajwa, maana hapa ndipo shaka ya Kazimoto inaporudi. Ludwig Binswanger, daktari wa Uswisi na mmoja wa waanzilishi wa mkondo huu, aliandika katika miaka ya 1940 kuhusu mwanamke aliyempa jina la Ellen West, aliyekuwa na ugonjwa wa kula na aliyelazwa katika hospitali yake ya Kreuzlingen mwaka 1921. Aliruhusiwa kwenda nyumbani huku madaktari wakijua hatari iliyopo, na siku chache baadaye akajiua akiwa na miaka 33. Binswanger alikichambua kifo hicho kwa kurasa nyingi za falsafa, kana kwamba ndani yake mgonjwa alikuwa hatimaye amejipata. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, alikisoma kisa hicho kwa hasira na huzuni, akaona mwanamke ambaye kila mtu, madaktari wakiwemo, alimfanya kitu cha kutazamwa. Rogers alikuwa na haki. Tabibu anayeipenda falsafa kuliko mgonjwa ni hatari, na falsafa ya kifo ikiwa mkononi mwake hatari huongezeka. Mgonjwa anayezungumzia kutaka kufa huulizwa waziwazi kama ana mpango wa kujidhuru. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akiwa nao, haachwi peke yake, na sonona yake inatibiwa kama ugonjwa wowote wa hatari unavyotibiwa. Hakuna uhuru wa kidhanaishi unaomzuia mhudumu kufanya hivyo.

Wako wasomaji watakaosema kwamba haya ni mambo ya Wazungu wasio na dini, na kwamba hapa watu wana Mungu na wana ndugu. Pingamizi hilo lina uzito, lakini si kwa namna linavyodhaniwa. Kierkegaard alikuwa Mkristo hadi kufa kwake. Emmy van Deurzen, aliyeiendeleza tiba hii huko London, humtazama mtu katika pande nne: mwili, watu, nafsi na roho, na mgonjwa mwenye imani hulazimiki kumvua imani yake ili kukaa naye. Muuguzi wa usiku ule alipomtaja Mungu hakudanganya, aliamini alichokisema. Ila jina la Mungu lilitumika pale kama komeo la mlango. Mama yule pengine alikuwa na mengi ya kusema kuhusu Mungu, na si yote ya kushukuru.

Palipo na uzito wa kweli ni kwenye umaskini. Kumhubiria habari za uhuru mgonjwa ambaye hana nauli ya kurudi kliniki, wala bima, ni kumtukana. Afisa ustawi wa jamii anayempatia msamaha wa gharama amefanya zaidi kwa hadhi ya mgonjwa huyo kuliko mhadhara wowote. Na neno “mimi” lenyewe halikai hapa kama linavyokaa California. Mgonjwa akisema, “Mwambieni kaka yangu, yeye ndiye ataamua,” huo nao unaweza kuwa uamuzi wake, na uheshimiwe. Kinachotakiwa ni kwamba aulizwe kwanza anataka kujua kiasi gani na akiwa na nani, kabla korido haijaamua kwa niaba yake.

Mabingwa wa afya ya akili ni wachache mno, na hakuna anayedai kwamba kila wodi ipate tabibu wa kidhanaishi. Kinachodaiwa ni kidogo zaidi, na kinaweza kuanza katika mafunzo ya wauguzi na ya madaktari wanafunzi, ambao hufundishwa kwa saa nyingi namna ya kumfufua mtu aliyezimia na kwa saa chache mno namna ya kukaa na mtu anayejua kwamba hatafufuliwa. Mhudumu anahitaji kujua wakati ambapo swali linatokana na kuchanganyikiwa kwa ubongo, kwa homa au kwa dawa, maana hilo hutibiwa kwanza. Wakati linapotokana na sonona, ambayo huhitaji rufaa. Na wakati ambapo ni swali tu. Mgonjwa naye anayeyasoma haya ana haki ya kumwambia daktari wake: “Leo sitaki majibu ya kipimo peke yake, nataka tuzungumze mambo yangu yatakuwaje,” na ana haki ileile ya kusema kwamba hataki kabisa kuzungumza.

Usiku ule ungeweza kwenda hivi. Muuguzi anavuta stuli. Hana zaidi ya dakika tano, na hafichi hilo. “Mama yangu, umeniuliza jambo kubwa. Limekujaje usiku huu?” Mama ananyamaza kwa muda, kisha anasema kwamba mwanawe wa mwisho yuko Tabora, yumo katika mtihani wa kidato cha nne, na hajaambiwa chochote. Wakubwa wamesema asisumbuliwe. “Nilitaka kujua tu, mwanangu, kama nina muda wa kumngoja amalize au nimwite sasa.” Muuguzi anasema kwamba yeye hawezi kumtajia siku, kwamba ugonjwa umeendelea na mama anajua hivyo, na kwamba daktari anaweza kumweleza zaidi akitaka. Anamuuliza angependa nani awepo. Mama anasema, “Peke yangu kwanza.” Katika faili muuguzi anaandika: mgonjwa hana maumivu, hajalala, anaomba kuonana na daktari asubuhi kuhusu hali yake, kabla ndugu hawajafika.